Ordinatere ya Kambale Inaweza Pley Gani

Siku ya kwanza ya juma, 6/10

Nimefua. Nimeanika juu ya mawe, kamba imekatika tena. Mutoto wangu Furaha amekula uji nusu, nusu nyingine amemupa kuku wa jirani. Kisha nikafagia kibanda, kama kila asubuhi, ijapokuwa hakuna mutu anayeingia humo. Nafagia tu. Mutu akipita aone kwamba kuko mwenyewe.

Kibanda hiki bwana yangu Kambale alikijenga kwa mbao, kwenye kona ya parsele yetu, kiwanja kidogo hapa Katoyi. Alikuwa na pley mbili za mupira, zile mashini za kuchezea michezo kwenye ekra kama ya televisheni, vijana wanakuja, wanacheza, wanalipa. Tuliishi kwa hiyo. Kisha lori iliyobeba makala ya kupikia ikamugonga kule Kibati. Majivu ya moto wa matanga hata hayajapoa, ndugu yake mukubwa Paluku akapakia pley zote mbili na ekra zake, ati anazilinda. Anazilindia Butembo.

Neno la familia ni hili, walilisema mbele ya watu wote. Siku ya kuondoa matanga, tarehe 25, siku ya posho, ile inayotangulia siku ya Mungu, wataangalia. Kibanda kikiwa kinafanya kazi, Furaha atabaki na mimi. Kikiwa kimefungwa, Furaha ataenda Butembo kwa koko yake, mama ya Kambale, kwa sababu mutoto ni wa baba, na mama asiye na kazi atamulisha nini. Walisema bila hasira. Kama watu wanaogawa viazi.

Leo kuran, umeme, imekuja mapema. Nikavuta kile kisanduku cha chuma ambacho Kambale alikuwa anawekea ekra juu yake. Paluku alikiacha. Alifikiri ni stabilizatere ya kutuliza kuran, iliyoungua. Kila nyumba ya Goma iko na stabilizatere moja iliyoungua na kuran, haitupwi, inakuwa meza. Lakini hii ni ordinatere, wengine wanaita kompyuta. Kambale aliitumia zamani kutia watu nyimbo kwenye simu, wakati ule bado hajanioa. Ekra yake ya mugongo mukubwa iko chini ya kitanda, nyuma ya masufuria.

Nimebonyeza. Ikanguruma kama mashini ya kusaga muhogo. Ikawaka.

Nilikaa chini nikalia kidogo. Machozi mazuri.

Siku ya pili, 7/10

Motari, mutu wa pikipiki, aliyenitoa sokoni amenifundisha kitu. Ordinatere inaweza kucheza michezo ya pley. Kuko programu, inaitwa emilateri. Inaudanganya muchezo, muchezo unafikiri uko ndani ya pley ya kweli. Nikamuuliza, hata ordinatere ya zamani? Akasema hapo hajui, niende Mapendo kwa tekinisie, fundi wa mashini.

Nimefikiria hiyo siku nzima. Sombe imeungua ndani ya sufuria.

Siku ya tatu, 8/10

Nimefunga ordinatere mugongoni kwa kikwembe, kwa sababu kichwani inateleza. Furaha akatembea kwa miguu. Amenuna, anasema mugongo ni wake.

Kutoka Katoyi mpaka Mapendo watu wamecheka. Mama mumoja anayeuza samaki sambaza aliniomba nimufunulie sura ya mutoto, aone kama amefanana na baba yake. Baba yake iko ndani ya udongo, mama. Niliyasema moyoni tu, nikapita.

Tekinisie anaitwa Jojo. Kijana wa kucha safi. Alifungua, akapuliza, vumbi ikamurudia machoni, akacheka. Akaita wenzake waje kuona babu. Akaweka emilateri ya pley ya pili, aina ile ya mupira ambayo vijana wote wanataka. Moyo wangu ulikuwa unapiga. Wachezaji wakatokea uwanjani. Wakasimama. Kisha wakaanza kutembea kama watu walio ndani ya matope. Mupira unapigwa leo, unafika kesho. Sauti inakatika kama mutu anayekabwa shingo. Vijana wakatoa simu, wakafilmu. Mumoja akasema huyo golikipa anaweza kwenda kwao kula, arudi, adake mupira.

Nilicheka pamoja nao. Sijui juu ya nini. Nimejichukia njia nzima.

Jojo alipomaliza kucheka akanieleza vizuri. Akasema, "Mama, hii ni muzee. Muzee anatembea, lakini usimwambie akimbie." Pley ya pili haitawezekana. Ile ya kwanza kabisa, ya zamani, yenye mapicha mabaya, hiyo ordinatere itaiweza, ni watu wa umri mumoja. Lakini nani anataka hiyo leo?

Aliiweka hata hivyo, na michezo yake, na maneti mbili za zamani, zile za kushika wakati wa kucheza. Kwa malipo alichukua saa ya Kambale. Aliijaribu mukononi mbele yangu, akageuza mukono huku na huku ili aone namna inavyongaa.

Siku ya tano, 10/10

Nimefungua kibanda. Niliandika kwenye karatasi ngumu ya karito: PLEY IKO. Nimevaa vizuri. Nimemuvalisha Furaha vizuri.

Vijana wa shule walikuja mbio, wote waliokuwa wakimupenda Kambale. Wakakaa. Wakaona. Kisha maneno yakaanza. Wachezaji hawana vidole. Hawana pua. Refa ni boksi. Huyu ni mutu ao ni kabati? Mukubwa wao, mwenye mudomo kuliko wote, akasema, "Mama Furaha, marehemu akiona hii atakufa mara ya pili."

Wakacheka mpaka mbao za kibanda zikatikisika. Wakadai pesa yao. Nikarudisha. Mumoja alitema mate mulangoni wakati wa kutoka, si kwa ubaya, kwa mazoea tu.

Furaha ameniuliza kama kweli papa atakufa tena. Nikamwambia hapana, mutu anakufa mara moja. Akasema basi ni vizuri.

Niko na aibu. Niko na hasira na Kambale pia. Kwa nini alipita Kibati siku ile.

Siku ya Mungu, 12/10

Mama mukwe amefika kutoka Butembo. Mapema, ati kunisaidia kutayarisha. Ameleta viazi, maharagi, na trikoti ya sufu ya Furaha, na viatu vyenye manyoya ndani. Huko kwetu ni baridi, amesema. Kama jambo limekwisha.

Analala kitandani mwangu na Furaha. Mimi kwenye mukeka.

Anamufundisha Kinande, lugha ya kwao. Maji, moto, njoo, kaa. Furaha anashika haraka, iko na akili. Kila neno akilisema vizuri anapata kipande cha muwa. Mimi pia nilijifunza maneno hayo wakati naolewa, hakuna aliyenipa muwa.

Si mwanamuke mubaya. Nataka niandike ukweli. Leo nilimukuta ameshika uso wa Furaha kwa mikono miwili, anautazama tu, anautazama. Ni uso wa Kambale, kila mutu anasema. Alizika mutoto wake, anataka kubaki na uso wake.

Lakini ni uso wa mutoto wangu.

Siku ya pili, 14/10

Ordinatere imezimika yenyewe katikati ya muchezo. Nilikuwa ninacheza peke yangu, ili nijue. Nikaigusa, imechemka kama pasi.

Nimeifungua kwa kisu cha jikoni. Ndani ni Nyiragongo nzima. Vumbi nyeusi ya volkano, imeshikamana kama blanketi, feni haioni hata njia ya kuzunguka. Nimesafisha kwa brosi ya meno, polepole, kama ninavyomusafisha Furaha masikio. Chini ya feni kuko dawa ya kupoza, imekauka kama ukoko wa bugali.

Nikarudi Mapendo. Jojo alinipa dawa mupya kidogo kwenye karatasi. Akaniambia pia kwamba memwari ni ndogo, barete yake itolewe, iwekwe kubwa, ni kibao kidogo kirefu kama kidole, kinaingia katika pengo lake, unasukuma mpaka ukisikia "tak". Barete hiyo nimeilipa kwa vikwembe vyangu vya ndoa. Vyote. Muke wa Jojo alikuwepo, alivijaribu kiunoni hapo hapo. Vinamupendeza kuliko mimi.

Lakini sasa inakwenda! Haingurumi, inapumua. Pley ya kwanza inateleza kama mafuta. Nikajaribu tena ile ya pili, tamaa. Bado ni matope, ila matope ya magoti, zamani yalikuwa ya kiuno. Nimeiacha. Kila kitu na nguvu zake.

Siku ya ine, 16/10

Leo kimetokea kitu.

Mvua kubwa. Motari mumoja akajificha katika kibanda changu, mutu muzima, ndevu, kaske ya pikipiki kichwani. Baba ya Neema, anakaa mutaa wa nyuma. Niliwasha muchezo wa magari ili nisikae kama sanamu mbele yake. Muziki wa mwanzo ulipotoka, akatoa kaske.

Akasema aliucheza muchezo huu akiwa mutoto, kwa mujomba wake, kabla volkano haijachoma nyumba ile. Hakuwahi kuumaliza. Kisha akakaa. Mvua ikaisha, hakutoka. Wateja walikuwa wanamuita kwa simu, hakushika. Mutu wa ndevu, anainama na maneti kila kona kana kwamba yeye ndiye gari.

Alirudi jioni na wenzake. Wote ni wa umri ule, wote walikuwa watoto wakati pley ya kwanza inaingia katika muji huu. Wale vijana wa shule hawakuwahi kuiona, ndiyo maana wanacheka. Hawa hawacheki. Hawa wanatukanana kama ndugu. Baba ya Neema alipomupita mwenzake kwenye kona ya mwisho akamwambia, "Wewe tangu utoto unajua kona ya kulia tu, ya kushoto mama yako alisahau kukufundisha." Yule akamujibu kwamba mama yake yuko hai, aende akamuulize.

Nimelipwa. Nimenunua nyama.

Posho, 18/10

Kibanda kimejaa. Wengine wamesimama inje, wanachungulia kati ya mbao. Pikipiki zimepangwa mpaka kwa jirani, jirani amelalamika, kisha amekuja kucheza. Hata mama mumoja wa mboga aliacha kikapu akapigana ngumi na askari wa ulinzi ndani ya ekra, akamushinda, watu wakampigia makofi.

Niko na furaha. Naogopa kuiandika, lakini ndiyo hiyo.

Mama mukwe ameketi mulangoni na sindano zake za kufuma. Ameniuliza mashini hii tuliitoa wapi. Nikamwambia yote. Nilikuwa na midomo mepesi leo. Nikamwambia hata namna Paluku aliiruka siku ile akifikiri ni stabilizatere iliyoungua, namna alivyoisukuma kwa muguu ili afikie ekra. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye pia alicheka. Tulicheka pamoja mara ya kwanza tangu nilipoolewa.

Nafikiri ananipenda kidogo.

Siku ya pili, 21/10

Paluku amefika. Koti, viatu vya kungaa. Ameleta bebi ya plastiki kwa Furaha.

Aliingia kibandani moja kwa moja. Motari wakamupisha, kwa heshima ya msiba. Nikamufundisha maneti, akashindwa, akacheka vizuri. Kisha akauliza maswali mazuri, kama mutu anayependa kazi. Waya hii inaenda wapi. Programu inafunguliwa wapi. Michezo imewekwa ndani ao kwenye diski. Nikamuonyesha kila kitu, sikubakiza. Nikamufungulia hata upande wa sanduku, nikamuonyesha feni ilivyo safi. Aliandika katika simu.

Akasema kule Butembo pia kuko motari wengi.

Nikasema ndiyo, kila mahali kuko motari.

Nafikiri atanitetea siku ya posho.

Posho, 25/10

Naandika kwa sababu nikiacha nitasahau namna ilivyosemwa, na sitaki kusahau.

Wazee waliketi kwenye viti vya plastiki uani. Mimi chini, kwenye mukeka, kichwa kimenyolewa, nguo nyeusi zimeshavuliwa na kuchomwa. Mujomba yangu kutoka Masisi alikuwepo upande wangu. Familia ya Kambale ilitoa mbuzi na bia. Mujomba alianza kunywa mapema.

Desturi ni kwamba mujane anatoa uani vitu vyote vya marehemu, hata sindano, familia ivione na kuvigawa. Nikatoa koti lake, viatu, radio, mushipi. Walivigawa. Hakuna aliyelia.

Kisha Paluku akasimama. Akasema kuko kitu hakijatoka. Siku ya matanga hakikutoka, na leo hakijatoka. Akakieleza vizuri, kwa majina yote niliyomufundisha mimi. Ordinatere. Emilateri. Barete. Akasema mujane aliona mukubwa wa marehemu amekosea, amefikiri ni stabilizatere, akanyamaza. Akajificha nyuma ya kosa la mutu. Na tena akamucheka. Aligeuka akamutazama mama yake, mama yake akatazama chini.

Nikasema haikufichwa, ilikuwa mbele ya macho yake, aliisukuma kwa muguu. Watu wakacheka. Paluku hakucheka. Nilijua hapo kwamba nimeharibu.

Muzee wao mukubwa, ndugu ya baba ya Kambale, akasema kitu kisichotajwa ni kitu kilichofichwa.

Nikasema, "Muzee, kibanda kinafanya kazi. Mulisema kikifanya kazi, mutoto abaki."

"Kinafanya kazi kwa mashini ya nani?"

"Ya Kambale."

"Basi ni Kambale aliyefanya kazi. Wewe ulifanya nini?"

Nilitaka kusema vumbi. Nilitaka kusema vikwembe, brosi ya meno, kilomita za kutembea na chuma mugongoni. Nikamutazama mujomba yangu. Akasema desturi ni desturi, akaomba waongeze bia kwa ajili ya wageni wa Masisi.

Wakabeba ordinatere, ekra, maneti zote mbili. Baba ya Neema na wenzake walikuwa wamesimama kwenye fensi, mumoja akapiga kelele kwamba hiyo si haki. Akaambiwa hili si jambo la motari.

Wakati kibanda kimekuwa tupu, muzee aliinuka na fimbo yake, akatembea mpaka mulangoni, akachungulia ndani. Alichukua wakati wake. Akarudi kwenye kiti.

Akasema, "Kibanda kimefungwa."

Hakuna aliyeona kwamba ni jambo la kuchekesha.

Siku ya Mungu, 26/10

Wamekwenda asubuhi. Ordinatere ilifungwa ndani ya godoro ili isiumie. Furaha aliketi juu yake.

Alifurahi na gari. Alivaa viatu vya manyoya. Alinipigia mukono kama anayeenda sokoni. Nilicheka, nilimupigia mukono pia, ili asiogope. Nilicheka mpaka gari likakata kona.

Siku ya tatu, 29/10

Sijafua. Sijafagia.

Siku ya pili, 4/11

Baba ya Neema ameniletea mukate. Aliketi inje kidogo. Akasema wanaweza kuchangishana, motari wote, wanitafutie ordinatere ingine, hata ya zamani. Nimeshukuru. Sikumuambia kwamba hata nikipata kumi, ile ahadi imekwisha. Ilikuwa ya siku moja tu.

Nimemupigia mama mukwe simu ili nisikie sauti ya Furaha. Amesema mutoto analala. Ilikuwa saa ya muchana.

Siku ya tano, 7/11

Paluku amenipigia. Hakusalimu.

Mashini haiwaki. Tangu ifike. Amefungua sale, chumba cha michezo, pale Butembo, ameandika tangazo kwenye ukuta, motari wamekuja, na yeye anabonyeza, inalia pi, pi, pi, kisha kimya, ekra nyeusi. Watu wanamucheka. Na kwa matekinisie wa huko hataki kuipeleka, watasema mukubwa mzima amesafirisha babu kutoka Goma ndani ya godoro.

Nilijua palepale. Barete imetoka katika pengo lake, kwa kurukaruka barabarani. Inataka kidole kimoja. Unasukuma, "tak", basi. Ningeweza kumuambia katika pumzi moja.

Nyuma yake nilisikia mutoto anaimba. Kwa Kinande. Alikosea neno moja, mutu akamurekebisha, akarudia.

Nikamuambia Paluku, "Ni jambo la ndani sana. Inataka mikono yangu."

Kisha akasema nije. Nitalala jikoni. Nisimuchanganye mutoto akili, ndio kwanza ameanza kuzoea. Nikimaliza nirudi kwangu.

Nimesema ndiyo kwa kila kitu. Ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Siku ya ine, 13/11

Butembo. Baridi kweli.

Safari sitaiandika. Vizuizi vingi. Nimefika.

Furaha hakukimbia. Alisimama mulangoni na trikoti yake, amenona kidogo, nywele zimesukwa namna sijui. Alimutazama koko yake kwanza. Mama mukwe akatikisa kichwa kwamba aende. Ndipo akaja. Akashika kidole changu kimoja, si mukono.

Mama mukwe amenipa chai bila kunitazama. Aliweka sukari nyingi. Mimi pia sikumutazama.

Paluku ameniachia chumba cha mashini, ameenda sokoni. Nimefungua upande. Ndiyo, barete imeinama kama jino la mutoto linalotaka kutoka. Niliitoa yote, nikaitia ndani ya blauzi yangu. Aliporudi nikamuambia kazi ni ndefu, labda mwezi, labda kuzidi, maana njia iliitikisa sana. Amesonya. Amesema haya.

Furaha ameketi karibu. Kazi yake ni kushika visi, zile skurubu ninazofungua. Anazipanga sakafuni, anazihesabu kwa Kinande, akisahau namba anaweka ya Kiswahili. Kila moja anauliza inafunga nini. Namuambia.

Nimezifungua zote, hata zile zisizo na ubaya.